Mwenyeji wa Melini

Wiki iliyopita, hapa Tunduma, nilipanga foleni ya pasipoti nyuma ya mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Isansa, na mkewe. Binti yao anayefanya kazi ughaibuni amewalipia likizo ya familia: wiki nzima ndani ya meli kubwa.

"Mnakwenda nchi gani?" karani aliuliza.

"Melini," mzee akajibu.

"Meli si nchi, mzee wangu. Inawapeleka wapi?"

Mzee alichora duara mezani kwa kidole, polepole, mpaka kidole kikarudi kilipoanzia. "Inazunguka baharini, halafu inaturudisha pale pale."

Karani aliacha kuandika. Dirishani malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, na kila dereva anajua anachofuata. "Haya. Mwenyeji wenu ni nani?"

Hapo mama akashtuka, akamgeukia mumewe. "Kumbe hata hatujui tunafikia kwa nani! Nimeshatwanga kilo mbili za kahawa. Nitamkabidhi nani?"

Karani alitazama mbali, kama anayesikia maji. "Mama, niandike bahari?"

Mama alifikiri kidogo. "Andika. Ila mikono mitupu siendi."

Huku kwetu mtu hasafiri bure. Hata kuvuka mpaka tu, utaulizwa unafuata nini. Zamu yangu ilipofika, karani akaniuliza ninakwenda wapi. Jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani, ila kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuchora duara mezani.