Mstari Uliokolea Shambani

Kaka yangu hajawahi kunipenda, na mimi nimeacha kumbembeleza. Mama alipokufa alituachia shamba la viazi hapa Kibirichia, tugawane nusu kwa nusu. Mpaka ulikuwa ukanda mwembamba wa mimea aliyoipanda mwenyewe tukiwa watoto. Mwaka huu nilirudi kutoka chuo kikuu ninakofanya kazi, nikakuta mimea ile imesogea. Nusu yangu ilikuwa imekonda.

Baba mdogo alituita kwake tunywe chai, tumalize maneno. Kaka hakungoja hata vikombe vijae.

"Huyu hata jembe hashiki," akasema. "Muulize kazi yake ni gani."

Nikaeleza. Tunachukua mwanga wa nyota moja ya mbali sana na kuutandaza rangi kwa rangi, kama upinde wa mvua. Kuna siku mstari mweusi hutokea katikati ya rangi, kisha hupotea. Ni kometi, bonge la barafu na vumbi, limepita mbele ya nyota, na gesi yake imemeza rangi ile. Mstari ukisogea upande wa nyekundu, tunajua gesi inatukimbia: kometi inaiangukia nyota.

"Na hiyo kometi umeiona na macho?" kaka akauliza.

"Hapana. Naona rangi iliyoliwa."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Baba mdogo, umesikia? Na mimi ananisingizia tu hivyo hivyo. Dada, uliniona nikisongesha mpaka?"

"Sikukuona," nikasema. "Twendeni shambani."

Viazi vya kaka vilikuwa vya kijani cha kawaida. Lakini katikati yake ulipita mstari mnyoofu, toka barabarani hadi mtoni, wa majani mazito yaliyokolea. Pale ndipo ilipokuwa mimea ya mama. Udongo ule ulipumzika miaka yote ukishiba majani yaliyooza, na kaka kwa ulafi alishindwa kuuacha bila kupanda viazi.

Baba mdogo alisimama juu ya mstari, akautazama hadi mwisho.

"Rudisha," akasema.

Mpaka ulirudishwa. Ila kwanza kaka aling'oa viazi vyote vya kipande alichoninyang'anya, vikiwa bado vidogo kama kokoto, akawatupia ng'ombe nisije nikala hata kimoja. Nilisimama pale nikimtazama. Hatujasalimiana tena. Siku hiyo nilimwona kwa macho.