Hodi Tatu za Mama Pélagie wa Alunguli

Alizaliwa Kindu, mwezi wa pili wa mwaka 1931, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akabatizwa Pélagie. Baba yake, Tshibangu, alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mtu wa Kasai aliyeifuata reli hadi mtoni, asirudi tena kwao. Mama yake aliitwa Kanku. Miaka mitatu baadaye akazaliwa Henri. Henri alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno hayakumjia kabisa. Tshibangu hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia mwanawe blanketi zito kuliko lake mwenyewe. Lakini alipokuja karani wa kuhesabu watu, alisema ana mtoto mmoja tu, na Kanku akainamisha kichwa akaendelea kuchambua mchele.

Ninayeandika haya ni mimi Abbé Zéphirin, niliyekuwa padri wake kwa miaka kumi na minne, na natangulia kusema wazi: Kanisa halijatamka neno juu yake. Watu wa Alunguli wanamwita Mama Mutakatifu. Ninawaacha waite, maana hata nikiwakataza hawatanisikia.

Tangu utoto Pélagie alitamani utawa. Mwaka 1949 masista walikuwa wamekwisha kumkubali, na sanduku lake lilikuwa tayari limefungwa, Kanku alipokufa kwa homa ya siku nne. Baba akamwambia, “Ukienda, nani atamupa Henri chakula?” Akalifungua sanduku. Tshibangu alipostaafu mwaka uleule alijenga Alunguli, ng’ambo ya kuume ya mto, akamweka Henri katika chumba cha nyuma kilichokuwa cha magunia ya mpunga. Kwa miaka ishirini na miwili Pélagie alifundisha wanawake kushona katika parokia, na asubuhi na jioni aliusukuma mlango ule kwa mguu, akaweka sahani chini, akaondoka. Hakumpiga ndugu yake wala hakumnyima. Ila alimchukia. Aliniambia mwenyewe, nje ya kitubio, akaniruhusu niseme: kila alipoona sista akipita na kilemba cheupe, aliona ni Henri aliyemvua kilemba chake. Wanaoandika maisha ya watakatifu hupenda kuyapiga pasi. Mimi pasi sina.

Tshibangu alifariki mwanzoni mwa 1971, na wito wenyewe ulikuja mwezi wa kumi na moja wa mwaka huohuo, siku ya Idi. Jirani yao alikuwa Mama Safi, Mwislamu, mwanamke wa ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi, aliyegawa chakula cha sikukuu nyumba kwa nyumba bila kuuliza nani anasali wapi. Siku hiyo alimpa Pélagie sahani yake ya pilau, kisha akazunguka nyuma na sahani ya pili, akasimama mbele ya chumba cha magunia na kuita, “Hodi!”

Pélagie akacheka. “Mama Safi, unamupigia nani hodi? Hakuna muntu mule.”

Mama Safi akageuka, sahani mkononi. “Hakuna muntu? Basi hii nimemuletea nani, dada? Nimeletea panya?”

Hivi ndivyo Pélagie alivyonisimulia. Aliisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye ule ukuta wa udongo, na ndani, nyuma ya mlango, mtu wa miaka thelathini na saba alikuwa anasikiliza. Alilia uani mbele ya jirani yake mpaka pilau ikapoa. Kesho yake alfajiri alisimama mbele ya mlango ule na chai mkononi, akasema, “Hodi, Henri.” Hakujibiwa. Akaiweka chai kizingitini, akaenda zake. Akafanya hivyo kila asubuhi, na majirani wakasema ugonjwa wa kaka umemwambukiza dada. Siku ya thelathini na moja, Noeli ikikaribia, alisikia kutoka ndani kikombe cha bati kikigonga mbao za kitanda: ko! Ndiyo ilikuwa karibu ya Henri. Hakuwa na nyingine maisha yake yote.

Basi yeye aliyetaka nyumba ya watawa akaanzisha nyumba ya milango. Aliuza cherehani moja kati ya mbili zake, akajenga vyumba uani, kila kimoja na mlango wake, kila mlango na kufuli, na ufunguo ukining’inia shingoni mwa mwenye chumba. Mwaka 1972 serikali ilipokataza majina ya ubatizo, kwenye karatasi Pélagie akawa Tshiela. Henri naye alipewa jina jingine, lakini ukimwita kwa hilo hakugeuza hata shingo. Kufikia 1975 walikuwa watu wazima saba pale uani, wanaume kwa wanawake, ambao mji uliwaita bapumbavu. Familia ilipomleta mtu, Pélagie hakuiuliza familia. Alimketisha mwenyewe na kumwuliza, “Unapenda kukaa hapa?” kisha akangoja, hata nusu ya siku. Anne wa barabara ya Pangi alitikisa kichwa kukataa. Pélagie akamrudisha kwa shangazi yake palepale, na tangu hapo kila Alhamisi alikwenda kwa mguu kumfundisha shangazi kukaa na Anne bila kumfunga kamba. Alhamisi ya kwanza shangazi alimfungia mlango. Ya nne alimpa kiti.

Namna yake ya kazi ilikuwa hii. Mtu akijifunza kupika bugali, kwanza Pélagie alishika mwiko pamoja naye. Siku nyingine alishika kiwiko tu. Mwishowe alikaa kwenye benchi, mikono yote miwili ameikalia, ili isikimbie kusaidia. Unga ukaungua, maji yakamwagika, naye ameketi, jasho linamtoka. Mama Safi alikuwa akimpigia kelele juu ya ukuta: “Pélagie, umeatamia mikono, itaangua lini?” Na bugali la kwanza la Henri, jeusi chini na bichi juu, alilila lote, akaugua tumbo siku mbili. Nilimwambia huo haukuwa utakatifu, ulikuwa ulafi. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa sita wa 1978. Mgeni mkubwa alikuwa anangojewa kutoka Kinshasa, barabara zikafagiwa, watu wakafundishwa kucheza na kuimba. Ikatoka amri kwamba wote wanaozurura, wasio na kwao, wakusanywe kwa lori na kupelekwa porini njia ya Punia mpaka mgeni aondoke. Tulijua maana yake. Mwaka uliotangulia walichukuliwa watano hivyo. Wawili hawakuonekana tena. Nilivuka mto kwa mtumbwi kumwambia Pélagie awafiche saba wake kwenye mashamba ya muhogo, na askari wakija aseme maneno mawili tu: hakuna muntu.

“Padiri,” akasema, “maneno hayo nilisha kuyasema mara moja. Sitayarudilia.”

Nikakasirika. Nilimwita kichwa ngumu, nikamwambia wakichukuliwa damu yao itakuwa juu yake. Alilia, lakini hakubadilika. Aliwaita wote saba, akawaeleza habari ya lori kwa maneno mafupi, mara tatu, akawauliza: shambani au hapa? Henri alinyanyuka, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango. Wengine wakamwangalia, kisha kila mmoja akaingia kwake. Na mimi, niwaambie ukweli, nilikwenda kujificha jikoni na rozari yangu.

Lori likafika asubuhi ileile. Akashuka askari mmoja jina lake Mbaraka, mzaliwa wa Kasongo, na kamba begani. Dereva akabaki kwenye usukani. “Wako wapi bapumbavu?”

Pélagie alikuwa kwenye benchi lake, amekalia mikono. “Bapumbavu sina. Kila muntu hapa iko na mulango wake. Piga hodi.”

Mbaraka akacheka, akaukabili mlango wa kwanza, wa Henri. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kusukuma, nikauona toka jikoni umesimama hewani. Mtoto wa Kasongo hufunzwa hodi kabla hajafunzwa kula. “Hodi,” akasema, kwa sauti ya kuona haya. Dereva akapiga kelele, “Vunja, bwana!” Mbaraka akasema, “Hodi,” mara ya pili. Nanyi mnajua desturi: hodi ni tatu, usipojibiwa ya tatu, unaondoka. Nikaomba kwa nguvu zangu zote, Ee Bwana, mnyamazishe Henri, mnyamazishe tu leo. “Hodi,” ya tatu.

Ko!

Nikasema moyoni, ole wako Henri, umejimaliza. Mbaraka akaingia. Tulikaa, tukakaa. Dereva akapiga honi. Kumbe mle ndani Henri alikuwa amempa mgeni kigoda chake, akammiminia maji ya kunawa, akamwekea bugali na mboga ya sombe, na kusimama akimtazama hadi ale. Mbaraka alitoka mikono yake ingali na maji, kamba ikiwa begani vilevile.

“Twende,” akamwambia dereva.

“Na amri?”

“Amri ilisema wasio na kwao. Huyu amenikaribisha kwake, nimekula chakula chake. Huyu njo mwenyeji. Nitamufunga mwenyeji wangu kamba namna gani?” Akaihesabu milango kwa kidole. “Andika: wenyeji saba.” Lori likageuza. Pélagie alipoitoa mikono yake, ilikuwa imekufa ganzi kabisa.

Aliishi miaka minane zaidi, Alhamisi zake hazikukatika ila kwa malaria. Mwezi wa nane wa 1986 moyo ulichoka. Nilimpaka mafuta matakatifu tarehe kumi na tatu, na tangu jioni hiyo akawa hasemi. Kesho yake mchana chumba kilikuwa kimejaa wanawake wakisali, mlango wazi. Henri akaja, akasimama kizingitini, akagonga mwimo kwa kikombe chake: ko! Nikamwambia, “Ingia, Henri, mlango uko wazi.” Hakuingia. Zawadi, mjane aliyesaidia pale nyumbani, akamvuta mkono, Henri akauchomoa. Hakikuwa chumba changu wala cha Zawadi. Akagonga mara ya pili, akangoja. Kisha akakiinua kikombe kwa mara ya tatu, akakituliza juu ya mbao bila kugonga, akabaki hivyo. Sote tulielewa kwa wakati mmoja, na Mama Safi akatoka nje akilia. Henri alikuwa akiogopa kuimaliza ya tatu. Alisimama hivyo tangu saa tisa mpaka jua likainama, naye dada yake pumzi zikipungua. Ndipo midomo ya Pélagie ikasogea, tukasikia, si kwa nguvu, lakini tukasikia: “Karibu, ndugu yangu.” Henri akaingia, akaketi kitandani. Pélagie alifariki kabla ya taa kuwashwa.

Watu husimulia maajabu: homa zilizopoa kaburini pake, bubu wa Pangi aliyemwita mama yake kwa jina. Mimi sithibitishi, sikanushi. Ninachokijua ni kwamba siku hizi ukipita Alunguli asubuhi utasikia hodi nyuma ya nyumba, mahali ambapo zamani palikuwa na mlango wa kusukuma kwa mguu tu. Ninyi mnaosoma haya, pengine kwenu pia kiko chumba cha nyuma. Basi mfuateni huyu mama, ambaye naye alianza kwa kukosa. Simameni mlangoni, mseme hodi, mngoje.

Henri yuko. Ana nywele nyeupe sasa, na ufunguo wake shingoni. Kila Jumapili baada ya misa hutembea hadi kaburini, huchuchumaa, hugonga msalaba wa mbao kwa kikombe chake mara mbili, akasikiliza. Ya tatu hajaigonga mpaka leo.