Taulo la Raundi ya Sita

Bingwa amefariki. Habari nilizipata Jumapili asubuhi, siku ya kazi kama nyingine huku Maskati, nikiegesha gari nje ya wizara yetu pale Al Khuwair, kwa simu ya mtu ambaye hatukuwa tumezungumza naye kwa miaka minne. "Mzee, Bingwa ametuacha," alisema kwa sauti yake nzito ya Kenya bara. "Amefia kwao Italia, hospitali. Binti yake ndiye amenipigia." Nikamjibu kwa yale maneno ambayo mtu huwa nayo tayari mdomoni kwa siku kama hizo, nikakata simu, nikapanda ofisini. Sitawadanganya wasomaji wangu: sikulia. Mtaliano yule hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu niliyemjua, na watu tunaowajua hufa kila wiki. Nikanywa chai, nikatia saini barua mbili, na ya tatu nikaisoma mara nne bila ya kuelewa ilikuwa ikiomba nini. Sababu ninayo, na ndiyo itakayochukua safu nzima ya leo. Miaka minne iliyopita niliandika habari za mtu huyu papa hapa gazetini, na nilichokiandika hakikuwa kweli.

Kwa wasiomkumbuka, alikuwa bondia wa kulipwa, bingwa wa Italia wa uzani wa kati. Mkanda wake aliutetea mara nne, akaupoteza mara ya tano, akaziweka glovu chini moja kwa moja. Kisha akafanya walichofanya wenzake wengi wa kwao: akanunua nyumba ndogo Malindi, akajifunza Kiswahili sokoni, akaishi kwa samaki na jua. Mwishoni mwa miaka ya tisini klabu moja ya mazoezi hapa Maskati, kwenye hoteli ya Al Khuwair, ikamwita aje kufundisha. Mimi nilimjua kwa sababu ya tumbo. Daktari wangu aliniambia nichague baina ya kulipunguza na kumeza vidonge hadi kufa, nikaona afadhali nipigane na mfuko wa mchanga mara mbili kwa wiki. Masumbwi yenyewe sikuwahi kuyapenda, na hadi leo siyapendi. Watu wazima wawili kupigana mbele ya watu waliovaa vizuri ni jambo ambalo sijapata kulielewa. Lakini Bingwa alikuwa mwalimu mwema, mwenye subira, na Kiswahili chake cha Malindi hakikukosa adabu hata pale kilipokosa kila kitu kingine. "Mkono juu, mwandishi," alikuwa akiniambia. "Uso wako huu moja tu, hapana ingine dukani."

Mambo mawili yalinishangaza kwake. La kwanza, hakuendesha gari. Maskati si mji wa kutembea kwa miguu. Asiye na gari hapa huishi kwa hisani ya wenye nayo, na yeye aliishi kwa hisani yetu akiwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mshahara mzuri. Nikamuuliza siku moja nilipokuwa nikimrudisha kwake. Akacheka. "Gari inataka macho mingi," alisema, na mimi nikachukulia kwamba ni mzaha wa mtu mvivu. La pili lilitokea nyumbani kwetu Bawshar. Nilimwalika chakula cha mchana siku ya Ijumaa, akaja na boksi la tende ghali kuliko tulizokuwa nazo, akakaa akazungumza na ndugu zangu vizuri kabisa. Baada ya kula mama yangu mwenyewe, kwa kumheshimu mgeni, akashika dele, birika letu la kahawa. Kahawa kwetu huanzia kulia. Mama akasimama upande wa kulia wa Bingwa, finjani mkononi, akangoja. Bingwa hakugeuka. Akaendelea kuzungumza na kaka yangu aliyekaa kushoto, na mama kasimama pale, mtu mzima, mpaka kaka akaona aibu akamshitua. Mgeni akaruka, akaomba radhi mara kumi, akapokea kwa mikono miwili. Kuchelewa ameshachelewa. Alipoondoka mama alisema: "Mgeni wako mzuri, lakini ana kiburi. Nimesimama, nna finjani mkononi, hata kunitazama! Au kwao mwanamke akileta kahawa ndo hujifanya humuoni?" Nikamtetea kidogo, si sana. Mtu aliyewahi kuwa bingwa, nilijiambia, huenda amezoea kuhudumiwa na watu asiowaona.

Yule aliyenipigia simu Jumapili alikuwa askari wa langoni pale hotelini. Mkenya, wakati huo ana miaka ishirini na saba, mwembamba wa kiuno na mpana wa mabega, mtu wa kanisa aliyekuwa akifanya mazoezi kila akitoka zamu. Bingwa alimwona akipiga mfuko, akamchukua akamfundisha miaka miwili bila ya kumtoza chochote. Sote tuliofika pale tulijua kwamba askari alikuwa na kipaji. Kisha Bingwa akamleta mtu kutoka kwao, mwandalizi wa mapambano, aje amwone kwa macho yake, na pambano la raundi nane likapangwa kwenye ukumbi wa klabu, dhidi ya Mfilipino mmoja imara. Akishinda, askari angekwenda Italia na mkataba mkononi. Kwa kijana anayesimama langoni saa kumi na mbili kwa siku, akiwafungulia wengine, hilo halikuwa jambo dogo. Hata mimi nisiyependa masumbwi nilikwenda, nikakaa safu ya pili, nyuma kidogo ya kona yao.

Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu macho yangu hayakunidanganya. Kilichonidanganya ni kichwa. Askari aliongoza raundi nne bila ya ubishi. Ya tano akapigwa makonde mawili ya uso, lakini akamaliza vizuri. Kwenye mapumziko, badala ya kumpa maji, Bingwa alichuchumaa mbele yake akanyanyua vidole. Askari akajiziba jicho kwa glovu, akasema kitu. Bingwa akanyanyua vidole tena, askari akabadilisha mkono, akasema tena. Bingwa akamtazama kwa muda, akatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda. Kengele ikalia. Haikufika dakika moja ya raundi ya sita, askari akiwa mbele kwa pointi, hajaanguka, hajayumba, Bingwa akalirusha taulo ulingoni. Ukumbi mzima ulinyanyuka. Mwamuzi mwenyewe alilitazama lile taulo kama mtu aliyeletewa barua ya jirani. Askari alilia waziwazi, akamsukuma mwalimu wake kifuani, na yule mwandalizi wa Kitaliano akachukua koti lake akatoka. Bingwa hakusema neno kwa yeyote. Alikunja taulo, akaondoka.

Nikarudi nyumbani nikaandika. Nilieleza habari za vidole kwenye kona, za tabasamu, za mtu anayerusha taulo hali kijana wake anashinda, nikawauliza wasomaji ishara zile zilikuwa za kumwambia nani nini. Sikusema kwamba pambano limeuzwa. Mwandishi mjanja hasemi, huuliza. Niliona fahari kwa safu ile, na nikapata barua nyingi za kunisifu. Wiki iliyofuata nilikwenda mazoezini nikitazamia ugomvi, na nusu yangu ikiutaka. Nakala ya gazeti ilikuwa juu ya meza yake, imekunjwa. Nikamsalimu, akaitikia. Nikaanza kupiga mfuko. "Mkono juu, mwandishi," alisema, na hapo ndipo yalipoishia. Kimya chake nikakihesabu kuwa ni kukiri. Watu wakaanza kupunguka klabuni, wazazi wakawatoa wanawao, na mkataba wake ulipokwisha haukufanywa upya. Akaondoka Maskati bila ya kuaga wengi, na nyumbani kwetu hakuwahi kurudi.

Sasa nirudi Jumapili. Baada ya kazi nilimpigia yule aliyekuwa askari, tukakutana Bawshar kwenye maegesho ya duka moja kubwa, alikokuwa akiwangoja watoto wa mwajiri wake. Siku hizi ni dereva wa familia. Amenenepa, amepata mke na mtoto kwao. Nilimpa pole kama apewavyo mtoto wa marehemu, maana sikujua nimpe ipi nyingine, akaniambia niingie ndani ya gari kwa sababu ya jua. "Mzee," alisema, "hii kitu imenikaa hapa miaka minne. Siku ile sikuwa naona. Jicho la kulia lilikuwa limeanza wiki mbili kabla, kama kuna pazia inashuka. Nilinyamaza. Ningesema, pambano lingekufa. Na kampuni ya ulinzi ilikuwa karibu kutupima afya. Askari haoni, unadhani watamfanyia nini? Ni tiketi ya kwenda nyumbani."

Nikamuuliza kuhusu vidole. Akanionyesha, palepale, nyuma ya usukani. "Aliniambia, ziba jicho moja, vidole ngapi? Nikaziba la kulia, lile mbovu, nikahesabu. Akaniambia, haya, ziba lingine. Nikabadilisha mkono tu, lakini nikaziba lilelile. Ukifanya haraka, hata daktari hagundui. Nilifikiri nimemweza." Akaurudisha mkono kwenye usukani. "Mzee, alinigundua kwa sababu ni mchezo wake. Yeye mwenyewe alipigana miaka mitatu na jicho moja. Kila daktari wa mapambano alimfanyia hivyohivyo, mkono huu, mkono ule, jicho moja. Ule mkanda alitetea mara mbili akiwa haoni upande wa kulia. Ile mara ya tano konde lilitoka huko, hakuliona hata likifika. Daktari wa kwao alimwambia, ungekuja mapema ningeliokoa."

Siku mbili baada ya pambano, Bingwa alimchukua askari kwa teksi hadi kwa daktari wa macho aliyemjua. Utando wa ndani ya jicho ulikuwa umechanika na kuanza kubanduka. Wakaushona kwa mwanga wa mashine, na ukashika. Gharama alilipa yeye, na kwa wote waliouliza alisema kijana ana mafua. Nikamuuliza dereva kwa nini hakutueleza. Alitazama nje. "Nilimwambia nikuone wewe, uandike vile ilikuwa. Akakataa. Akasema ukiandika jicho, kampuni inasoma. Subiri upate kazi nyingine. Nikapata hii, nikapimwa macho, nikapata leseni, halafu yeye ameshaondoka, na mimi nikaona aibu. Nikasema nitakupigia kesho. Si unajua kesho." Akanyoosha mkono akafungua kisanduku cha mbele ya gari, akatoa leseni, akaniwekea mapajani kama kwamba mimi ni polisi. "Andika tena, mzee. Saa hii hakuna mtu atanifukuza kwa ajili ya macho."

Hili nimelifikiria siku nyingi zaidi kuliko inavyonipasa, maana linatuhusu wengi tunaoishi hapa. Mji huu umejengwa na watu waliopimwa: damu, mapafu, macho, vyeti. Hakuna mtu aliyekuja kutafuta kazi Ghuba ambaye hana jicho moja analolificha. Wala sisemi haya juu ya wageni peke yao. Mimi nilipoingia wizarani, nimetoka Unguja, Kiarabu cha nyumbani nilikuwa nacho lakini cha kuandika kilikuwa cha mtoto wa darasa la tatu. Miaka miwili barua za ofisi nilizichukua nyumbani chini ya kanzu, shemeji yangu akaniandikia, nami asubuhi nikazinakili kwa mwandiko wangu. Bosi mmoja aligundua. Hakusema kitu mbele za watu. Alinipeleka kwa mwalimu wa jioni, na siku alipolaumiwa kwa kuchelewesha barua za idara alikubali kwamba kosa ni lake. Mtu huyo nimemsifu kwenye safu hii mara tatu. Wa pili wa aina yake nilikaa nyuma ya kona yake, safu ya pili, nikamwona akifanya jambo lilelile, nikamwita mwizi.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sijidanganyi kwamba safu ya leo itamfikia. Binti yake hasomi Kiswahili. Klabu ile imeshabadilisha jina, na wale wazazi waliowatoa wanawao hawakumbuki hata kwa nini. Naandika kwa sababu dereva ameniomba, na kwa sababu nina haya. Jambo la kujifunza si kubwa, wala halihitaji masumbwi: mtu akifanya jambo usilolielewa, na akanyamaza, kimya chake si lazima kiwe chake. Huenda anamtunzia mwengine. Swali moja, la kumuuliza yeye mwenyewe nje ya gazeti, lingenitosha. Sikuliuliza kwa sababu nilipenda jibu nililokuwa nalo.

Jioni ile nilimweleza mama. Siku hizi hanyanyuki kwenye kiti ila kwa msaada, na nilidhani amemsahau mgeni wa siku moja. Hakumsahau. Nilipofika kwenye habari za jicho la kulia alinizuia kwa mkono, akataka nirudie, lipi? La kulia, mama, lilikuwa halioni kabisa. Vidole vyake vikachezea upindo wa kanga.

"Masikini," alisema. "Na mie n'limsimamia kulia. Angelisema tu, ningelimpitia kushoto."