Nilitoboa Gamba la Kobe wa Mama Mkwe

Nimekosa, ndugu yangu, na sitafuti wa kunitetea. Naomba unisikilize tu mpaka mwisho, maana nimeanza kuandika haya mara nne na kila mara nanyanyuka, natoka nje, nazunguka ua, narudi. Kukaa kitako kumenishinda tangu Novemba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kihonda, Morogoro. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Nionyeshe chochote kilicholegea, kinachochezacheza, kinachofunguka hovyo, mimi nakitafutia tobo na nati kinatulia. Ndivyo nilivyo. Mke wangu huniambia hata nikiwa usingizini mikono yangu inakaza kitu.

Mwaka juzi mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani, huko juu Uluguru, kijiji sitakitaja. Macho yalikuwa yamemwishia, anaona mwanga na vivuli tu, na kwenye ile miteremko asingeweza kuendelea kukaa peke yake. Alikuja na begi moja, mkeka wa kuswalia na tenga. Ndani ya tenga kulikuwa na kobe.

Kobe huyo anaitwa Mjomba. Mama aliachiwa na mjomba wake mwenyewe, tangu akiwa msichana. Na kwa Waluguru mjomba si mtu wa mchezo, kwa sababu ukoo unafuata upande wa mama na yeye ndiye mwenye sauti. Kwa hiyo mimi, mwanamume mzima na nyumba yangu, nikawa naulizwa asubuhi kama nimeshamwamkia Mjomba. Siku za mwanzo nilicheka sana.

Kila siku baada ya swala ya alfajiri Mama alikaa barazani akaita, na Mjomba alijikokota mwenyewe kuifuata sauti. Mama alimpakata, akampapasa gamba lote polepole, juu, pembeni, ukingoni, kila kipande. Akimaliza anasema, "Haya, kaamka mzima," kisha anampa jani la boga. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa siku yake. Bila hilo hata chai hanywi.

Sasa ua wangu haukuwa mtupu. Nilikuwa na kuku wa mayai, bata watano, na mbwa wa ulinzi anayeitwa Jimi, maana vyuma vyangu vimeshaibwa mara mbili. Mama hakumpenda mbwa kwa ajili ya udhu wake, lakini hakusema. Mimi sikumpenda kobe, nami sikusema. Unajua mambo ya ukwe. Mama mkwe humfokei, hata kumtazama usoni kwa muda mrefu ni kazi. Nikawa nameza.

Na ya kumeza yalikuwa mengi! Mjomba alijipenyeza bandani akala chakula cha kuku. Alitumbukia kwenye beseni la bata, nikamkuta anatapatapa kichwa tu kikiwa juu ya maji. Alipita chini ya fensi akafyeka mchicha wa jirani, na wa kwenda kuomba radhi ni mimi. Kila jioni narudi nimechoka, mwili wote vumbi la chuma, nakutana na swali lile lile: Mjomba yuko wapi? Basi naanza kutambaa kwa magoti kumtafuta.

Mama naye alikuwa hakai. Mara mbili alitoka getini akimfuata kobe wake, akapotelea mitaa ya nyuma, tukaletewa na bodaboda. Nikachomelea komeo juu kabisa ya geti, mahali ambapo mkono wake haufiki. Nikajipongeza. Akabaki mmoja wa kutulizwa.

Utaniuliza, na mbwa je? Mbwa hakuwahi kumgusa! Mwaka mzima alikuwa akimnusa na kumpuuza. Mjomba akichoka kunuswa alijisogeza taratibu hadi kwenye rundo la matofali nyuma ya choo, akaingia kwenye uwazi ambao mdomo wa mbwa hauingii. Mimi nikadhani wameelewana. Kumbe kilichokuwa kinamlinda ni yale matofali.

Mwezi wa nane ukatokea msiba wa ndugu yao mjini. Mke wangu na Mama waliondoka asubuhi. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikambeba Mjomba, nikamweka juu ya meza yangu ya kazi pale nyumbani, nikachukua drili. Nilikuwa najiambia gamba ni kama ukucha, na kucha mbona tunakata kila wiki na hatufi.

Drili ilipoingia ukingoni mwa gamba, alitoa pumzi kwa nguvu, fsss, kama tairi linalotolewa upepo, akakojoa meza nzima. Kwenye ncha ya drili kukaja unyevu mwekundu. Niliuona. Sikudanganyi, niliuona kwa macho yangu, nikaupangusa kwa tambara nikaendelea! Nikapitisha waya, nikaunga kamba, nikamfunga kwenye mpera na kumwekea majani yake. Halafu, kwa kuwa nyumba ilikuwa inabaki bila mtu, nikamfungua Jimi alinde. Nikafunga geti, nikaenda karakana kwangu barabarani, na njiani nilikuwa napiga mluzi.

Nilirudi saa kumi jioni. Jimi alikuwa amelala kivulini chini ya mpera, amemkumbatia Mjomba kwa miguu ya mbele, anamguguna. Hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa anaguguna kwa raha zake, na aliponiona akatikisa mkia.

Ukingo wote wa nyuma wa gamba ulikuwa umetafunwa. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unavuja damu. Kichwa kimezama ndani kabisa. Na kamba, ndugu yangu, kamba ilikuwa imenyooka! Mjomba alikuwa ameivuta mpaka mwisho wake kuelekea kwenye matofali. Ilibaki shubiri moja afike. Niliupima mwanya huo kwa mkono wangu siku ile, na nikipita pale huwa naupima mpaka leo.

Mtu mwenye akili hapo angesema ukweli siku hiyo hiyo. Mimi nilimfungia Mjomba kwenye boksi, nikamkimbizia karakana, nikafuta damu, nikang'oa kamba. Mama aliporudi kutoka msibani nikamwambia kobe amejichimbia ardhini, kule chini ya fensi, kama wanavyofanya kiangazi kikikolea. Mama akatabasamu. Akasema hata kule milimani aliwahi kujichimbia mwaka wa jua kali, na mvua za vuli zikianza hutoka. Yaani yeye mwenyewe alinisaidia kuutengeneza uongo wangu!

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole. Alimsafisha jeraha la mguu kwanza. Kisha akaliona tobo.

"Na hapa ametoboa mbwa?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Gamba ni mfupa, baba. Ni mbavu na uti wa mgongo wake. Anasikia maumivu kama wewe."

Aliniuliza kama tuna kibali cha kukaa na kobe, nikababaika, akaniambia twende tukajieleze ofisi ya wanyamapori kabla hawajatufuata wao. Akanieleza na mengine ambayo ningepaswa kuyauliza siku ile tenga lilipoingia kwangu. Kwamba mbwa na kobe hawaachwi pamoja bila mtu, hata kama wamezoeana miaka, kwa kuwa siku mbwa akichoshwa na upweke ataliona gamba kama kitu cha kutafuna. Kwamba chakula cha kuku wa mayai kinamharibu kobe, gamba linaota vibaya, yeye ni wa majani. Maji yake yawe kwenye sahani pana isiyo na kina, mbali na bata wanaoyachafua. Na mtu akimshika anawe mikono kwa sabuni. Nilikuwa naitikia tu huku nikitazama mlango.

Basi nikaanza maisha ya wizi ndani ya nyumba yangu. Mjomba yuko kwenye boksi karakana, nikiwasha grenda anajifungia gambani, hali kitu mpaka mashine zinyamaze. Jioni narudi nyumbani, nakaa, nanyanyuka, nakaa. Mama yuko barazani anauliza leo mawingu yakoje juu ya mlima. Mikono yake ilikuwa inapapasa khanga yake mwenyewe mapajani. Nikiiona namkumbuka Mjomba na natafuta sababu ya kutoka.

Nilifika mahali pa kumpigia simu jamaa yangu wa Kisaki, nikamwomba aniokotee porini kobe wa ukubwa ule nimbadilishie Mama. Alinijibu kwamba hilo ni la kwenda jela, akakata simu. Na hata angekubali! Mikono ile ningeidanganyaje?

Mvua za vuli zikaanza. Siku ya kwanza Mama alivaa gauni safi. Siku ya tatu aliacha kuuliza. Wiki ilipopita, asubuhi moja nikiwa kazini, mke wangu akapiga simu. Alisema neno moja, "Njoo."

Niliwakuta kwenye fensi. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anachimba kwa mikono. Alikuwa ameanza tangu alipotoka kuswali. Alisema Mjomba sasa ni mzee, udongo umemkazia, anahitaji kusaidiwa kutoka. Kulikuwa na mashimo matatu na alikuwa ameshaanza la nne. Mke wangu alikuwa pembeni yake anachimba kwa sufuria kuukuu. Kucha mbili za Mama zilikuwa zimeng'oka nusu.

Akasikia viatu vyangu, akainua uso. "Mkwe, ulisema ni hapa au kule?"

Nilirudi karakana mbio, wateja wananiita siwasikii, nikachukua boksi. Nikamweka Mjomba mapajani mwake pale pale topeni. Mama akamwita kwa sauti ndogo, na yule kobe ambaye kwa miezi mitatu hakunitolea shingo, akaitoa yote.

Mikono ikaanza safari yake. Ilipofika ukingo wa nyuma ikasimama.

"Mbwa," akasema.

Ikaendelea. Ikalikuta tobo. Kidole chake kidogo kikaingia mle, kikakaa.

"Na hili?"

Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti mbele yake, drili, kamba, msiba, matofali, shubiri moja, boksi. Mke wangu aliacha kuchimba. Mama alisikiliza bila kunikatiza, kidole bado kimo.

"Mimi pia huwa natoka natembea, mkwe," akasema. "Mimi ungenitoboa wapi?"

Nikageuka nikalitazama komeo la geti. Sikutaka kulitazama, macho yalikwenda yenyewe!

Hakunilaani. Laiti angenilaani! Alinawa mikono, akaomba arudishwe milimani kwa binti wa dada yake, yeye na Mjomba, na wiki hiyo hiyo wakapanda. Mke wangu alikwenda kukaa naye karibu mwezi mzima. Amerudi, ananipikia, anazungumza nami vizuri, kwa adabu, kama ninavyozungumza mimi na mteja nisiyemjua. Hajanilaumu hata siku moja, na hajacheka nami hata siku moja. Hivyo ndivyo ninavyolipia kosa langu.

Komeo nimelikata. Jimi sikumfukuza, hana kosa, yeye alifanya kazi ya mbwa. Nimejenga ua mdogo wa matofali ndani ya ua, mbwa hauruki, kuku hawaingii, una kivuli, una sahani pana ya maji, una mapango mawili ya kujificha. Umekamilika kabisa. Hauna kobe. Ndio huo ninaouzunguka nikishindwa kukaa.

Nawe uliye na kobe nyumbani, au unayeletewa na mzazi, sikia. Usimtoboe. Usimfunge kamba, kwa sababu silaha yake pekee ni kwenda polepole mpaka mahali pake, na ukimfunga umemnyang'anya hiyo. Usimwamini mbwa kwa kuwa mwaka umepita salama. Na kama una jambo na mtu humo ndani, mwambie mtu, tena kwa heshima zote, usiende kulimalizia kwa mnyama wake. Kosa la hivi halifukiki.

Napanda milimani kila mwezi kwenda kuwaona. Nikiikaribia ile nyumba navua viatu, natembea pekupeku kwenye udongo mwekundu, najikaza nisikohoe. Haisaidii. Kabla sijafungua mdomo kupiga hodi, naisikia ile pumzi kutoka uvunguni mwa kitanda cha barazani, fsss, na Mama anageuza uso wake upande niliposimama.

"Karibu, mkwe," anasema.