Baba alivyofungwa kwa bunduki ya mzee asiyeona: yaliyonikuta bomani Tanga miaka ya hamsini

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wadogo zangu nawapa marahaba zenu mapema, maana humu ndani sijaona wa kumwamkia mimi.

Nakaribia miaka tisini. Akaunti hii kanifungulia mjukuu wangu, na herufi nazitafuta moja moja, kwa hiyo msinisahihishe nukta. Ninayosimulia ni kweli tupu. Sina umri wa kuanza kutunga.

Juzi kuna mwenzetu kaanzisha uzi, analalamika kwamba kanyimwa kibali cha bunduki kubwa, na kwamba zile za kumimina risasi mfululizo ndiyo kabisa hazigusiki. Anazitaka alinde shamba la matikiti. Matikiti, wakuu!

Nikacheka. Halafu nikamkumbuka baba.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani bomani Tanga, nimepanga chumba Nguvumali. Kazi yangu ilikuwa kutunza rejista ya silaha na kumfasiria Bwana Shauri, yule mzungu aliyetawala wilaya. Shati jeupe, kalamu mfukoni, nyodo kidogo. Nilijiona serikali nusu.

Sheria ya silaha ilikuwa nzuri mno. Mwafrika mkulima aliruhusiwa gobori, lile la kushindilia baruti kwa mtutu, tena kwa leseni na baruti ya kupimiwa. Ukifyatua, moshi unakuwa mwingi kiasi kwamba mnyama na wewe wote hamjui nani kapigwa.

Raifo kubwa, bunduki ya risasi, ilikuwa ya wazungu, na watu wachache wenye mali na jina. Na wakati ule kwa jirani zetu Kenya kulikuwa kunawaka, kwa hiyo Mwafrika akitamka tu neno raifo, bomani watu wanakaa wima.

Sasa kule kwetu Maramba akatokea nyati. Dume, peke yake, ana jeraha la zamani begani na hasira za kutosha tarafa nzima. Analala kichakani karibu na kisima, mchana anaingia kwenye mahindi. Akamjeruhi Mama Eliza, jirani yetu, alipokwenda kuchota maji. Hakufa, lakini hakutembea tena sawasawa.

Baba yangu, Mzee Yonathani, alikuwa Msambaa aliyeshuka milimani kulima. Mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa kunyoosha mambo mpaka anachosha. Gobori alikuwa nalo, ila kwa nyati halitoshi; akaomba raifo. Fomu nilimjazia mimi mwenyewe.

Jibu likatoka. Mnajua nani alilipiga taipu? Mimi. "Mwombaji hakuonyesha haja ya kutosha." Baba akalipokea Maramba, akalileta hadi Nguvumali nimsomee.

Nikamsomea. Akauliza, "Haja ya kutosha ndiyo ipi? Nyati aje kuomba yeye?"

Nikaikunja barua. Nikamkaribisha chai.

Sasa mjue kwamba raifo ya kuangusha nyati ilikuwepo palepale Maramba, halali kabisa, leseni nimeiandika kwa mkono wangu. Ilikuwa ya Mzee Seif, mwenye asili ya Oman, mwenye minazi na michungwa. Mtu mwema sana. Tatizo dogo tu: alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa akinisalimia mimi akidhani ni mke wangu.

Ndivyo serikali ilivyopanga. Mwenye macho hana raifo, mwenye raifo hana macho, na nyati ana mahindi.

Wazee wakatumia akili zao. Asubuhi moja Mzee Seif akaletwa na dereva wake kwa lori, na raifo yake, wakamweka kwenye kiti karibu na shamba. Akamwambia baba, "Shika, Yonathani. Wallahi mimi nikipiga nitaua lori."

Baba akapiga risasi mbili. Nyati akaanguka, bado anahema. Ili majirani Waislamu nao wale, Mzee Seif akashikwa mkono mpaka shingoni pa mnyama, akasema bismillahi, akachinja. Kanzu yote ikawa damu.

Sheria ilisema leseni ni ya mtu, na bunduki haiazimwi. Kwa hiyo wakakubaliana: akija mtu kuuliza, aliyepiga ni Mzee Seif. Baba alitakiwa kufanya jambo moja tu, kunyamaza.

Na kweli mtu akaja. Siku hiyohiyo adhuhuri, Bwana Shauri, aliyekuwa ameandikiwa barua na jumbe wa kijiji kwa wiki kadhaa, alifika kumuua yule nyati yeye mwenyewe. Raifo mpya, kofia mpya. Mimi nyuma yake kama mkalimani, nikiomba Mungu asijue kwamba huko ndiko kwetu, na kwamba mwombaji wa raifo aliyemkatalia ni baba yangu.

Tukakuta watu wanagawana nyama.

Uso wa yule mzungu sitausahau. Pembe zake zile, alizokwisha kuzitundika ukutani kwake kwa mawazo, zimekaliwa na kuku.

"Nani amepiga?"

"Mimi," akasema Mzee Seif kwa sauti, akiuangalia mti.

Bwana Shauri akaitazama ile kanzu ya damu. Akaamini! Akampa mkono, Mzee Seif akaupapasa hewani mpaka akaupata. Mimi, niliyeyajua macho ya Mzee Seif, nilikwisha kukisia ni nani; nikapumua.

Sasa nisimame kidogo niwaeleze desturi. Kwetu ukiwinda kwa silaha ya mwenzio, paja la nyuma ni fungu la bunduki. Unalipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele za watu, na unashukuru. Usipofanya hivyo wewe ni mwizi wa nyama, na watoto wako wataambiwa.

Nikamwona baba anakuja na paja.

Nilimkazia macho mpaka yakaniuma. Hakuniangalia. Akaliweka miguuni kwa Mzee Seif, akavua kofia.

"Bwana Seif, fungu la bunduki yako hili. Ahsante kwa kuniazima."

Waliokuwa wakigawana nyama wakashusha visu. Hata kuku wakashuka kwenye pembe.

"Anasema nini?" Bwana Shauri akaniuliza.

Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri kuliko siku zote: anamshukuru mzee kwa kuwaokoa na mnyama.

Yule bwana alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili, wakuu. Cheti nilikiweka mwenyewe kwenye faili. Akatabasamu, akasema polepole, "Mimi nimesikia kuniazima." Kisha akaniambia Kiingereza changu kinahitaji mazoezi.

Baba akachukuliwa, na gobori lake. Raifo ikachukuliwa. Paja nalo likachukuliwa, kama ushahidi.

Kesi ikasikilizwa bomani. Hakimu alikuwa Bwana Shauri yuleyule. Shahidi yeye, mwenye hasira yeye, ilibaki tu naye awe nyati. Na mkalimani mimi, kwa sababu taratibu zinataka mkalimani hata kama hakimu anaelewa.

Nilikuwa nimekwisha kupanga. Ningelainisha neno hapa, ningepunguza pale. Baba akanitazama toka kizimbani.

"Mwanangu, leo fasiri kama nisemavyo."

Bwana Shauri hakushtuka. Alijua kila mzee hapa pwani humwita kila kijana mwanangu.

Baba akasema, "Niliazima, nikapiga mimi. Nyati angeua mtu. Nikiachiwa, na akija mwingine, nitaazima tena."

Nikafasiri. Neno kwa neno, hata lile la mwisho.

Miezi mitatu jela.

Mzee Seif akapewa onyo, na baada ya muda akarudishiwa raifo yake, kwa kuwa ni mtu wa heshima. Leseni yake mpya niliiandika mimi. Alitia sahihi mezani, nje ya karatasi.

Na Bwana Shauri akanipigapiga bega. "Leo umefasiri vizuri sana."

Baba alipotoka alikuja Nguvumali kwanza, amekonda. Akanawa, akala. Nikaanza kulia mbele yake, mtu mzima na kalamu mfukoni.

Akaniuliza jambo moja tu. "Bwana Seif alikula nyama yake?"

Nikamwambia lile paja liliozea stoo ya boma, likafukiwa.

"Basi fungu lake bado," akasema. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akachinjisha beberu na kupeleka paja kwa miguu, mikono miwili, mbele za watu.

Nilichojifunza: sheria ya bunduki ipo na iwepo, mimi sitaki kuona mtu analinda matikiti kwa risasi za mfululizo. Ila iulize basi nani anaona na nani haoni.

Haya, uwanja ni wenu. Matusi mniwekee akiba, macho yangu nayo yameanza ya Mzee Seif. Nijibuni hili tu: pale shambani mngefasiri vipi? Na pale kizimbani?