Sehemu Isiyo na Herufi

Jirani yangu Swafiya hupiga video harusi za hapa Lamu, upande wa wanawake tu. Ndiyo kazi iliyowalea wanawe. Huko mabuibui huvuliwa, nywele huwa wazi, watu wakacheza watakavyo, kwa hivyo amana ni nzito. Alimwomba mpwawe Khairiya aigawe diski ya kompyuta, kisha ile sehemu ya harusi aiondolee herufi yake, kama ile C au D inayoionyesha kwenye skrini, isimtokee mwanamume yeyote atakayewasha mashine.

Juzi kompyuta ikajaa, ikawa haitaki kazi. Tukamwita Owen, fundi kijana wa bara, mwenye adabu zake. Akakaa na mashine dakani, pale ukumbini mlangoni, sisi ndani nyuma ya pazia tukichambua mchele.

"Bi Swafiya, C imejaa, lakini kuna nafasi kubwa hapa haitumiki. Niiunganishe?"

"Unganisha, mwanangu, Mungu akubariki."

Wallahi hakuwaza. Kwake yeye kilichofichwa hakionwi, basi hakiguswi.

"Sawa. Ile isiyo na herufi nishaifuta, sasa naipa C..."

Ungo ukamponyoka Swafiya. "Usiguse! Owen, toa mkono!"

Humo mlikuwa na harusi ya Razan, na mamake Razan akicheza. Mama huyo, Allah amrehemu, hakuacha picha nyingine, na Razan alikuwa aje kuichukua Ijumaa.

Owen akatoa mkono, akasema, "Sijaandika kitu juu yake. Huenda ikarudi. Lakini lazima niangalie kama ni nzima."

"Huangalii kitu weye."

"Sasa nitengeneze vipi, Mama, nifumbe macho?"

"Geuka."

Akageukia ukuta. Swafiya akajifunika, akatoka, akakaa penye mashine, naye Owen akimwelekeza kwa mgongo. Tafuta sehemu iliyopotea. Nisomee unachokiona. Ngoja, usibonyeze bado! Mimi nilikuwa nikisoma Ayatul Kursi, nikakosea, nikaanza upya.

"Haya, irudishe. Sasa zima, uwashe."

Mashine ilichelewa kuwaka, tukadhani imekufa.

"Ipe herufi. Fungua faili moja."

Swafiya akapunguza sauti kwanza, akafungua.

"Bi Swafiya? Imefunguka?"

Nikajifunika nami, nikatoka. Nikainama begani mwake. Mamake Razan alikuwa na leso kiunoni, anacheka mpaka ameinama. Machozi yalimtiririka Swafiya.

"Nigeuke?"

"Thubutu!" nikamwambia. "Kaa vivyo hivyo, chai nakuletea huko huko."