Mfupa Niliowatwangia Ng'ombe

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi, baba alifutwa kazi kwenye shamba la mzungu huku Ndabibi, nami nikafukuzwa shule kwa kukosa karo. Nilikuwa darasa la tatu. Tangu hapo nimesomeshwa na jembe, na jembe halina likizo. Nasema hivyo ili ujue ni mtu wa aina gani aliyeletewa habari za dinosaria nyumbani kwake.

Mwaka juzi nilianza kuchimba bwawa la maji ya mvua, kwa mikono, maana ng'ombe wangu walikuwa wakienda ziwani kunywa na kurudi na kiu ile ile. Nilipofika kina cha kimo changu, nikagonga mfupa mnene kama paja. Nikafanya anachofanya kila mfugaji hapa: kuchoma mfupa, kuutwanga na kuuchanganya na chumvi, ng'ombe walambe. Huu ulikataa kuungua. Nilimaliza kuni za wiki nzima. Mwishowe nikaupiga nyundo hadi ukawa unga. Ng'ombe wakanusa, wakanitazama, wakaenda zao. Hao ndio wataalamu wa kwanza kuukagua.

Binti yangu, anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke Olkaria, alikuja akaona mfupa wa pili umechomoza shimoni.

"Baba, usiguse. Huenda ni dinosaria." Akafungua simu. "Kila mara wanapata mpya. Wengine walikuwa na manyoya kama ndege."

"Manyoya, makucha na hasira? Huyo ninaye. Ni jogoo wangu."

Hakucheka. Akampigia mtaalamu wa mifupa ya kale, akaja msichana mwenye brashi ndogo ya kufagilia udongo. Alilala kifudifudi shimoni kwa saa mbili.

"Mzee, si dinosaria. Mawe ya huku ni machanga mno. Dinosaria wanapatikana kule Turkana. Huyu ni ndovu wa zamani."

"Zamani gani?"

"Zamani sana."

"Hilo jibu hata darasa la tatu tulikuwa nalo."

"Binti yako anasema kulikuwa na mfupa mwingine."

"Niliutwanga."

"Wote?"

"Wote. Mimi sifanyi kazi nusu."

Akaketi kwenye udongo, akaifuta brashi yake kwa kiganja. Nimetukanwa na manyapara na madalali, nikala nikalala. Lakini yule msichana na brashi yake walininyima usingizi.

"Huu uliobaki," akasema baadaye, "tupe miezi mitatu tuutoe polepole. Usichimbe hapa."

"Mvua iko karibu. Utaiambia isubiri?"

"Siwezi, mzee. Ndiyo maana nakuomba."

Watu wenye kalamu wakija hapa huja kuamuru. Huyu aliomba. Nikazungushia kona yake vigingi na seng'enge, nikaacha ukingo mpana, nikachimba upande wa pili huku mgongo ukinitukana. Bwawa likatoka limepinda kama haragwe. Jirani akauliza, "Boss, ulichimba ukiwa umelewa?" Mvua ikaja, likajaa, na ndovu hakulowa. Miezi mitatu ikawa mitano, lakini mfupa ukatoka mzima. Kisheria ni wa serikali, wakauchukua.

Leo nina ekari tatu zenye hati. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne. Ng'ombe sita, wananywa nyumbani. Jogoo mmoja. Bwawa moja lililopinda. Na nusu gunia la unga wa ndovu, ambao hadi leo ng'ombe hawautaki, na mimi siwezi kuutupa.